Jina la Binti Yangu Nililiota Nikiwa Macho

Uongo wangu haujawahi kushikwa.

Uliza mtu yeyote Kitengela, kuanzia Noonkopir mpaka Milimani. Mimi ndiye Kivuva wa gypsum, yule fundi wa ceiling ambaye humwambia mwenye nyumba "kesho asubuhi" mwezi mzima na bado anapikiwa chai. Huu mdomo umenitoa kwa askari, umenitoa kwa landlord, na ndio ulinipatia bibi.

Sasa sikiza vile mdomo huo huo ulimtoa marehemu kaburini, ukamleta mpaka Kajiado na kumkalisha mbele ya wazee, kwa sherehe ya jina ya mtoto wangu.

Na marehemu mwenyewe hakuwa ameomba lifti.

Twende pole pole.

Bibi yangu anaitwa Lorna. Ni Mmaasai, binti ya Mzee Sironka, na kwao ni huko mbele ya Kajiado town, mahali unaangalia unaona mbuzi, miiba na mbingu, basi. Mimi ni Mkamba wa Makueni. Tulipatana Kitengela, tukapangisha Kitengela, tukapata mimba hapo hapo Kitengela.

Jioni moja nikimkanda Lorna miguu, ile miguu ya mimba imefura, nikajisikia mume mwema.

"Akiwa msichana," nikamwambia, "jina ni la kwenu. Babako apange na wazee wake. Mimi niko sawa kabisa."

Lorna alifurahi mpaka akasahau miguu.

Wiki hiyo hiyo mwaitu akapiga simu. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.

"Kivuva. Na akiwa msichana?"

"Mwaitu, hiyo nayo ni swali? Akiwa msichana ni Mbithe."

Nielezee wale si Wakamba. Kwetu hiyo kitu haina mjadala. Msichana wa kwanza ni wa nyanya yake, mama ya baba. Mama yangu ni Mbithe, kwa hivyo mtoto ni Mbithe. Na si jina tu. Akishaitwa hivyo, hata mimi babake namwita "mwaitu", kwa sababu ni mama yangu amezaliwa tena. Mama naye anajua siku akienda, ataenda tu. Hataisha.



"Asante, mwana wakwa," mama akasema. Kwa sauti moja hivi sijawahi kumsikia nayo.

Mimi nikarudisha simu mfukoni nikiwa fiti. Nimefurahisha wanawake wawili na mtoto mmoja. Nikajiambia, kwani lazima awe msichana?

Alikuwa msichana.

Mama akashuka stage na kuku, unga wa wimbi, na kiondo kidogo alichosuka mwenyewe, saizi ya mtoto. Hata viatu hakuvua. Akamchukua mtoto, akamweka shavuni, akamwita, "Mwaitu! Mwaitu wakwa! Umefika?"

Lorna akaniangalia. Nyinyi wenye bibi mnayajua hayo macho.

Akanifuata jikoni. "Mbona mama anamwita hivyo?"

"Ni upendo tu."

"Kivuva."

"Ni upendo wa Kikamba, babe. Huwa na sauti."

"Baba ashachagua kondoo. Jumamosi tunaenda mtoto apewe jina. Umemwambia mama?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho asubuhi."

Kesho yake nilikuwa kazini. Tulikuwa tumesimama kwa mbao na Wanyama, mwenzangu, vichwa vyeupe kwa vumbi, tukifunga ceiling ya nyumba ya mtu. Nikamwagia Wanyama yote.

Alicheka karibu aanguke.

"Bro, umeuza ng'ombe mmoja kwa watu wawili."

"Nisaidie, usinihubirie."

"Si mumpe majina yote mawili?"

"Gani inatangulia? Hiyo ndiyo vita yenyewe. Mama ataona amewekwa nyuma. Mzee Sironka ataona amedharauliwa. Mimi nitalala kwako."

Wanyama akakoroga filler yake, akafikiria. "Basi tafuta mtu wa tatu. Mtu hakuna mwenye anaweza kubishana naye."

"Kama chifu?"

"Chifu watu wanabishana naye kila siku. Mtu alikufa."

Nikaacha kufunga screw.

Manze. Kwetu Ukambani, marehemu akikujia kwa ndoto akuambie anataka kuitwa, anaitwa. Hiyo haina rufaa. Hata watu wa kanisa wanaomba kwanza, kisha wanaita.

Na mimi nilikuwa na marehemu mzuri sana. Susu Mbeke, mama yake mama yangu. Alikufa nikiwa form three. Nilikuwa nimemwona kwa mbali tu, matanga ya watu. Yeye na mama hawakuwa wanaongea. Kwa nini? Sikuwahi kuuliza. Watu wazima hukosana, mimi nilikuwa na mambo yangu. Siku ya kumzika mama alienda, akasimama nyuma kabisa, akarudi.

Nikapiga hesabu. Mama akinyang'anywa jina na mama yake mwenyewe, atalalamikia nani? Lorna naye ataona Mbithe hajashinda. Hakuna ameshinda, hakuna ameshindwa. Mimi ni mjumbe tu.

"Lakini," Wanyama akasema, na sasa hakuwa anacheka, "kwetu Bungoma mfu hachezewi. Akiitwa ovyo anakasirika."

"Wewe paka filler. Sasa jifanye wewe ni mama, uniulize maswali."

"Kijana, huyo susu alikuwa amevaa nini?"

"Nguo nyeupe."

"Wacha. Kila mtu wa ndoto huvaa nyeupe. Weka leso."

"Leso ya rangi gani?"

"Usitaje rangi. Wakikubana sana sema kulikuwa na mwanga."

Asubuhi iliyofuata niliamka pole pole kama mtu ametoka safari. Nikakaa kwa kiti, nikashika kichwa na mikono miwili. Mama alikuwa anamwagia Lorna uji.

"Una nini?" Lorna akauliza.

"Nimemwona Susu Mbeke."

Uji ukamwagika kwa meza. Mama akachukua kitambaa akapanguza.

"Umemwona wapi?"

"Kwa ndoto, mwaitu. Alisimama hapo mlangoni. Akamwangalia mtoto, akasema, 'Huyo ni mimi.'"

Mama aliendelea kupanguza. Meza ilikuwa imekauka kitambo, bado anapanguza.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Leso. Sikuiona poa. Kulikuwa na mwanga."

Akaniangalia. Aliniangalia vile mtu huangalia barabara kabla ya kuvuka.

"Sawa," akasema. "Kama amekuja, amekuja."

Siku hiyo hakumwita mtoto "mwaitu" tena. Alimwita "mtoto". "Mtoto amelala." "Mtoto ananyonya."

Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nilimtumia Wanyama meseji: Ameingia box, ameamini.

Lorna ndiye alisumbua.

"Kwa hivyo mtoto wangu anaitwa jina la mtu amekufa?"

"Ni heshima hiyo."

"Kivuva, kwetu..."

"Kwenu mnaheshimu wazee, ama? Huyu ni mzee kushinda wazee wote. Ametangulia hadi mbinguni."

"Nisikize kwanza. Kwetu mtu akishakufa..."

"Babe. Mimi ndiye nitaongea na wazee. Unajua huu mdomo."

Akafunga mtoto mgongoni bila kuniangalia. "Haya. Ongea wewe."

Jumamosi tukaenda.

Kwa Mzee Sironka kulikuwa kumejaa. Wanawake na shanga zao, wazee wamekaa kwa viti vya plastiki na fimbo katikati ya magoti, kondoo ameshachinjwa, maziwa yako kwa kibuyu. Lorna alikuwa amenyolewa kichwa chote, na mtoto pia. Wawili wanang'aa. Nilipomwona hivyo nikasikia kitu kifuani, nikakifukuza na mzaha, nikamwambia sasa ako na ceiling safi kushinda zangu zote. Hakucheka.

Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kanisa, ile ya blue. Wanawake wakamsalimu, "Takwenya!" Lorna alikuwa amemfundisha kujibu "Iko." Akaijibu na aibu kidogo, wakampigia vigelegele, wakamkalisha katikati yao. Nikamwona anacheka. Nikasema, leo ni leo.

Mzee Sironka akasimama. Ni mtu mrefu, mpole, hapandishi sauti hata akiita ng'ombe.

"Kivuva," akasema, "sisi tumekaa, tumepata jina. Nashipai. Mtoto wa furaha. Lakini wewe ndiye baba. Uko na neno?"

Ningesema sina. Neno moja tu, "Sina," na leo hii ningekuwa nawaandikia juu ya mpira.

Nikasimama. Nikakohoa. Nikarekebisha hata kola.

"Wazee wangu, mimi nilitembelewa. Susu yangu, marehemu Mbeke, mama yake mama yangu huyu hapa, alikuja kwangu kwa ndoto akasema mtoto ni..."

Kukanyamaza. Si ile ya watu wakisikiza. Ile ya watu wakiona nyoka.

Mzee mmoja akageuza kiti chake, akaangalia upande mwingine. Mwanamke aliyekuwa amembeba mtoto akamfunika kichwa na shuka haraka, utafikiri mvua imeanza kunyesha. Koinet, ndugu yake Lorna, akanivuta shati kutoka nyuma.

"Shemeji, kaa chini."

"Sijamaliza."

"Umemaliza. Hapa kwetu mtu akienda, jina lake halitajwi tena. Wewe umelitaja mbele ya mtoto mchanga, hata hajapata lake. Unataka amchukue?"

Nikamtafuta Lorna na macho. Alikuwa amesimama mlangoni, na machozi yanashuka bila yeye kupanguza. Hakusema "nilikuambia." Afadhali angesema.

Mzee Sironka hakukasirika. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Aliniuliza vile daktari huuliza.

"Kijana. Aliyeenda harudi bure. Huyo mama alikuja kutafuta nini? Ako na neno na nani?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Ningesema, "Mzee, nisamehe, nimetunga." Wangenitoza kondoo, wangenicheka mpaka uzeeni, mambo yaishe.

Lakini mdomo ukatafuta njia yake, na njia ikapitia juu ya mama yangu.

"Alikuwa na neno na mama," nikasema. "Walikosana zamani. Alikuja kusema amemsamehe."

Watu wote wakageuka.

Mama akavuta leso yake akafunika uso. Mabega yakaanza kutikisika.

Wanawake wakamzingira, wakimwita mama kwa Kimaa. "Yeyo, pole. Yeyo, nyamaza." Mmoja akamshika kichwa akakiweka kifuani kama cha mtoto. Na mimi, Mungu ananiona, nikiwa nimesimama pale na kola yangu, nilifikiria: kumbe hata nimemsaidia. Mama amepata amani yake.

Wazee wakainamisha vichwa wakaongea Kimaa. Mzee Sironka akarudi na uso umechoka.

"Jina la aliyeenda hatuwezi kumpa mtoto. Na letu hatuwezi kumpa kama kuna mtu ameomba na hajajibiwa. Hii siku tuiache. Mtoto arudi vile alikuja, mpaka hilo neno liishe."

Yaani bila jina. Kondoo amechinjwa, kichwa kimenyolewa, watu wametoka mbali, na binti yangu arudi Kitengela akiitwa "mtoto". Lorna akaingia ndani. Tulimsikia wote. Ule mlio sitausahau, na sitaki kuuandika.

Ndipo mama akasimama.

Alitoa leso usoni. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imesimama.

"Wazee," akasema, na kile Kiswahili chake cha Makueni, "mwenye kukosana na huyo aliyeenda ni mimi. Kijana amesema ukweli. Mimi ndiye nilikosa. Nimesamehewa, na leo imeisha. Yeye hadai jina. Mimi pia sidai kitu. Mpeni mtoto jina la hapa."

Mzee Sironka akamwangalia sana.

"Mama, tumesikia kwenu msichana wa kwanza huitwa nyanya yake."

"Huitwa," mama akasema. "Lakini si lazima."

Basi wakaendelea. Wazee wakabariki, sisi wengine tukiitikia "Nai! Nai!" Mtoto akaitwa Nashipai. Lorna akatoka ndani, wakampa mtoto wake, wanawake wakaimba. Nyama ikaliwa. Koinet hata akanikatia mbavu, akaniambia, "Shemeji, wewe ni mjinga lakini uko na mama."

Ile mbavu haikumezeka.

Nikamtafuta mama. Nilimpata nyuma ya nyumba kwa tangi ya maji, anajiosha uso. Nikaenda na ule mwendo wangu wa kuomba radhi, mabega yamelegea, kicheko kidogo mdomoni. Huwa unafanya kazi.

"Mwaitu, pole ya haya yote. Lakini umeona? Sasa wewe na susu mko sawa. Hata nikikumbuka, alikuwa anatabasamu."

Sijui ni shetani gani aliniongezea hiyo ya kutabasamu.

Mama akafunga mfereji.

"Kivuva. Unajua mimi na mama yangu tulikosania nini?"

"Sijui."

"Wewe."

Nilitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

"Mimba yako niliipata nikiwa kwake. Akanifukuza wakati wa masika, na nguo zangu kwa gunia. Akasema huyo mtoto hatapewa jina la mtu yeyote wa hiyo boma, awe hai, awe amekufa. Wewe unafikiri Kivuva ni nani?"

"Babu. Baba ya baba. Si ulinielezea?"

"Nilikuelezea hivyo ili ukiulizwa na watoto wenzako ukuwe na jibu. Kivuva alikuwa mzee wa duka, Emali. Hatukujuana. Alinifungulia stoo yake nikakuzalia katikati ya magunia ya ndengu. Nikakupa jina lake kwa sababu hakuna mwingine alikuwa ametupatia lake."

Mbele ya nyumba walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

"Mama yangu hakuwa na kitu ya kunisamehe," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nimsamehe yeye. Miaka yote hii najaribu. Naomba kanisani, nafunga, narudi nyumbani, bado. Sijafika. Na wewe leo umenivusha mbele ya watu siwajui, nikiwa ndiye mkosaji."

"Mwaitu..."

"Nyamaza kidogo. Mara moja tu, nyamaza."

Nikanyamaza.

Wewe unayesoma hii ukicheka vile mimi huchekesha watu, chukua hii kwangu bure. Ukitaka kumwekea marehemu maneno mdomoni, kumbuka kuna mtu amebaki anayeijua sauti yake. Na uulize watu wako mambo yao wakiwa bado wanakuzungumzia. Mimi nilikuwa na mama anayeongea lugha moja na mimi, mwenye simu, na nilikuwa najua historia ya kila mchezaji wa timu yangu kuliko ya yule aliyenizaa kwa magunia.

Kutoka mbele wakaita. "Mama Kivuva! Kuja ubebe mtoto tupige picha!"

"Nakuja!" akajibu, na sauti nzuri kabisa.

Akapanguza uso na leso. Akanyoosha nguo ya blue. Kisha akanisongea karibu, karibu sana, mpaka nikanusa sabuni yake.

"Uliota?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nao huo mdomo, mzima, umejaa maneno.

"Hapana, mwaitu."

"Najua. Nilijua ukiwa bado umeshika kichwa, pale Kitengela."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemea wapi? Mbele ya bibi yako? Mbele ya wakwe? Niseme mtoto niliyefukuzwa kwa ajili yake amekuwa mtu wa kuuza mama yake kwa kicheko?"

Akageuka akaenda kumbeba Nashipai, na kabla hajafika kona ya nyumba alikuwa ashaanza kutabasamu.